Chembe Zilezile, Hali Tofauti

Molekuli ya maji ina atomi mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni, iwe imo ndani ya kipande cha barafu, ndani ya kisima au ndani ya mvuke unaotoka kwenye birika. Inapotoka hali moja kwenda nyingine, muundo wake unabaki uleule. Ugumu wa barafu, utiririkaji wa maji na wepesi wa mvuke si sifa za molekuli moja moja. Molekuli moja haiwezi kuwa ngumu wala majimaji. Ni sifa za kundi, na hutokana na namna chembe zilivyopangana, zinavyovutana na zinavyohama. Kwa hiyo kuchambua hali za maada ni kuchambua mahusiano ya chembe: ziko karibu kiasi gani, zimeshikwa na kani ipi, na zina uhuru gani wa kuondoka zilipo.

Mambo mawili hushindana. Upande mmoja upo mvutano unaozikusanya chembe. Upande wa pili upo mwendo wao usiokoma, ambao ndio joto lenyewe. Halijoto hupima wastani wa nishati ya mwendo huo. Hapa ndipo michoro mingi ya shule inapopotosha. Visanduku vitatu vyenye nukta, kimoja cha yabisi, kimoja cha kimiminika, kimoja cha gesi, humwachia mwanafunzi dhana kwamba chembe za yabisi huenda polepole, za kimiminika kwa kasi ya kati, na za gesi kwa kasi kubwa. Halijoto ikiwa moja, sivyo ilivyo. Barafu inayoelea ndani ya maji yaliyo nyuzi 0 za Selsiasi ina molekuli zenye takribani wastani uleule wa nishati ya mwendo kama maji yanayoizunguka. Kadhalika maji yanayochemka kwenye nyuzi 100 na mvuke unaotoka humo. Kinachozitenga hali hizi ni uhuru wa chembe, na uhuru huo haulingani na kasi.

Dhana kwamba maada ni chembe ni ya kale, lakini kwa muda mrefu haikuwa na ushahidi wa kumtosha mpinzani. Mwaka 1738 Daniel Bernoulli alieleza kanieneo ya gesi kuwa ni matokeo ya vipande vidogo vinavyogonga kuta za chombo. Mwanzoni mwa karne ya 19 John Dalton akazitumia atomi kueleza uwiano wa uzito katika misombo ya kikemia. Hata hivyo, hadi karne hiyo inakwisha walikuwapo wanakemia wakubwa, Wilhelm Ostwald akiwa mmoja wao, waliozichukulia atomi kuwa njia ya kurahisisha hesabu tu. Ubishi ulikuja kumalizwa na vumbi. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea wa Uskoti, Robert Brown, aliona kwa hadubini punje ndogo zilizotoka kwenye chavua zikirukaruka ndani ya maji bila kutulia. Ili kuondoa shaka kwamba huo ni uhai, alijaribu tena kwa unga wa mawe, hata wa kipande kilichotoka kwenye sanamu ya Sphinx ya Misri, nao ukarukaruka. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwa hesabu kwamba punje husukumwa na molekuli za maji zisizoonekana, na akatoa kanuni ya umbali ambao punje ingefika kwa muda fulani. Kuanzia 1908 Jean Perrin, huko Paris, alipima umbali huo, akahesabu punje zinazokaa katika kila kimo cha maji, na majibu yakakubaliana. Ostwald akasalimu amri. Perrin alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1926.

Ukubwa wa hesabu zenyewe unaeleza kwa nini ushahidi ulichelewa. Gramu moja ya maji ina molekuli zipatazo 33 zikifuatwa na sifuri 21. Hakuna awezaye kuifuata kila moja, na fizikia ya hali za maada haijaribu. Hushughulika na wastani na uwezekano. James Clerk Maxwell ndiye aliyelifungua jambo hili mwaka 1860 alipoonyesha kwamba katika halijoto moja chembe hazina kasi moja: nyingi hukaribia wastani, chache huenda polepole sana, chache nyingine huenda kasi mno. Hizo chache za mwisho zina uzito mkubwa katika habari hii kuliko idadi yao.

Katika yabisi, mvutano umeshinda. Kila chembe ina makao yake na hutikisika papo hapo, mara matrilioni kwa sekunde, bila kuvuka mipaka ya jirani. Yabisi nyingi ni fuwele, yaani mpangilio mmoja hurudiwa kila upande kwa umbali wa mamilioni ya atomi. Mpangilio huo ulithibitishwa mwaka 1912 Max von Laue na wenzake walipopitisha eksirei ndani ya fuwele na kupata madoa yaliyojipanga. Baba na mwana, William na Lawrence Bragg, wakayasoma madoa hayo na kutaja mahali pa kila atomi.

Hata hivyo, yabisi si familia moja. Chumvi ya mezani ni ioni za sodiamu na klorini zenye chaji kinyume, zilizoshikana kwa nguvu kiasi kwamba huyeyuka kwenye nyuzi 801. Katika almasi kila atomi ya kaboni imefungwa na nyingine nne kwa vifungo vya kemia, hivyo jiwe zima ni kama molekuli moja. Chuma, kinachoyeyuka kwenye nyuzi 1,538, ni atomi zilizokaa ndani ya bahari ya elektroni zisizo na mwenyewe. Barafu, nta na kafuri zinashikwa na kani dhaifu baina ya molekuli kamili. Tofauti hizi ndizo zinazoamua kitatokea nini nyundo inaposhuka. Katika chuma tabaka la atomi huteleza juu ya tabaka jingine na elektroni zikaendelea kuziunganisha, ndiyo maana mhunzi anaweza kuponda jembe. Katika chumvi tabaka likisogea nafasi moja, ioni zenye chaji sawa hukutana uso kwa uso, hufukuzana, na fuwele hupasuka.

Hata ndani ya yabisi chembe hazifungwi milele. Fuwele yoyote ina nafasi zilizo wazi, na mara mojamoja atomi yenye nishati ya ziada huruka na kuingia humo. Mwaka 1896 William Roberts-Austen alionyesha huko Uingereza kwamba dhahabu hupenya ndani ya risasi ambayo bado ni yabisi. Joto likipanda mitikisiko hupanuka, na Frederick Lindemann alipendekeza mwaka 1910 kipimo rahisi ambacho bado kinatumika: mitikisiko ikifikia takribani sehemu ya kumi ya umbali baina ya chembe, mpangilio hauwezi kujishikilia tena, na kitu huyeyuka.

Kioo hakifuati desturi hii. Silika iliyoyeyushwa ikipoozwa haraka, atomi zake hukwama kabla ya kujipanga, na kinachopatikana ni kitu kigumu chenye vurugu ya kimiminika ndani yake. Kuna imani iliyoenea kwamba vioo vya makanisa ya kale ya Ulaya vimenenepa upande wa chini kwa sababu kioo hutiririka polepole kwa karne nyingi. Si kweli: vioo vya zamani vilifinyangwa kwa mkono na havikuwa na unene sawa tangu mwanzo, na katika halijoto ya kawaida kioo hakiwezi kusogea kiasi cha kuonekana hata kwa umri wa kanisa. Kinyume chake ni lami. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, jaribio lililoanzishwa na Thomas Parnell mwaka 1927 liliweka lami ndani ya faneli. Lami hiyo ikipigwa nyundo huvunjika vipande. Lakini tangu shina la faneli lilipokatwa mwaka 1930 hadi 2014 ilikuwa imedondosha matone 9. Ugumu wa kuguswa na mkono, kwa hiyo, si ushahidi wa kutosha kwamba kitu ni yabisi.

Kimiminika ndicho hali ngumu zaidi kuielewa, na ndicho ambacho vitabu hukipita haraka. Yabisi ina mpangilio, hivyo inatosha kuielewa sehemu ndogo na kuirudia. Gesi haina mpangilio wala mshikamano, hivyo kila chembe huhesabiwa kana kwamba iko peke yake. Kimiminika kina mshikamano bila mpangilio, na njia zote mbili za mkato hufungika. J. D. Bernal, mwanafizikia wa London, aliamua kuunda mfano wa kimiminika kwa kuunganisha mipira kwa vijiti ofisini kwake, na alieleza kwamba kukatizwa na wageni kila baada ya dakika chache kulimsaidia, kwa kuwa alisahau alichokuwa amefanya na hivyo hakuweza kuweka utaratibu. Alichopata kilikaribia sana yale yanayopimwa kwa eksirei: kila chembe ina majirani wengi waliobanana nayo, lakini hatua chache mbele hakuna tena awezaye kutabiri nani amekaa wapi.

Chembe za kimiminika zimebanana karibu kama za yabisi. Ndiyo sababu maji hayakubali kusongwa: kuongeza kanieneo sawa na ya angahewa nzima hupunguza ujazo wake kwa sehemu kama 5 tu katika 100,000. Tofauti iko katika muda. Molekuli ya maji hushikana na majirani kwa vifungo vya hidrojeni vinavyodumu takribani sehemu moja ya trilioni ya sekunde, kisha huachia na kushika wengine. Inafanana na abiria ndani ya daladala iliyojaa: kila mmoja amebanwa, lakini watu wakipishana kidogo kidogo anayeshuka hufika mlangoni. Molekuli hiyo ina kasi ya karibu mita 600 kwa sekunde, lakini kwa kuwa hugonga jirani kabla ya kwenda popote, katika maji yaliyotulia kabisa hujikuta baada ya siku nzima imehama sentimita chache tu.

Utiririkaji hutegemea wepesi wa kupishana huko, na Afrika Mashariki ina mfano wake usio na mwenzake duniani. Lava ya kawaida ya basalti hutoka ikiwa na nyuzi 1,100 hadi 1,200, na bado ni nzito, kwa sababu atomi za silikoni na oksijeni ndani yake hushikana kuwa minyororo inayokwamana. Ol Doinyo Lengai, kando ya Ziwa Natron nchini Tanzania, ndio volkano hai pekee inayotoa lava ya kabonati za sodiamu na potasiamu. Lava hiyo ina nyuzi 500 hadi 600 tu, yaani nusu ya joto la basalti, lakini hutiririka kwa wepesi unaoipita mbali, kwa kuwa ioni za kabonati hazijengi minyororo. Nyiragongo, karibu na Goma nchini Kongo, lava yake ina silika kidogo kuliko ya volkano nyingi. Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja na kuua watu waliokuwa miteremkoni. Anayedhani kwamba kilicho moto zaidi ndicho kinachotiririka zaidi ana ukweli nusu. Joto hulegeza vifungo, lakini aina ya vifungo ndiyo inayoanza kuamua.

Usoni pa kimiminika, molekuli ina majirani pembeni na chini lakini haina juu, hivyo huvutwa ndani. Uso hukazika na kujipunguza kadiri uwezavyo. Tone huwa duara, na viluwiluwi vya mbu huweza kuning'inia chini ya uso wa dimbwi wakivuta hewa. Mafuta yakimwagwa juu ya maji hulegeza mkazo huo na kuziba hewa, nao hufa.

Katika gesi, mwendo umeshinda. Molekuli za hewa ya kawaida zimetengana kwa takribani mara kumi ya upana wake, kwa hiyo sehemu kubwa ya gesi ni nafasi tupu. Molekuli ya naitrojeni kwenye nyuzi 20 huenda kwa wastani wa mita 470 kwa sekunde, lakini husafiri kiasi cha nanomita 70 tu kabla ya kugongana na nyingine, na hugongana mara zipatazo bilioni 7 kila sekunde. Migongano dhidi ya kuta ndiyo kanieneo. Usawa wa bahari kila mita moja ya mraba husukumwa kwa uzito wa takribani tani 10, na mwili hauuhisi kwa kuwa ndani yake mna msukumo uliolingana. Kutokana na picha hii sheria za gesi hujieleza zenyewe: chombo kikipunguzwa nusu, chembe huzifikia kuta mara mbili zaidi, na kanieneo huongezeka mara mbili, kama Robert Boyle alivyotangaza mwaka 1662 bila kuhitaji kujua lolote kuhusu molekuli.

Mfano unaotumiwa sana kueleza usambaaji wa gesi ni manukato: kichupa hufunguliwa kona moja na harufu hufika kona ya pili baada ya dakika moja au mbili. Mfano huo haufai. Kwa migongano mingi hivyo, molekuli hurudi nyuma karibu sawa na inavyokwenda mbele, na kuvuka mita tatu za hewa iliyotulia kabisa kungechukua siku kadhaa. Harufu ya udi hujaa nyumbani haraka kwa sababu hewa yenyewe hupanda ikipata moto, hupita milangoni na kukorogwa na watu wanaotembea. Usambaaji wa chembe kwa chembe ni wa kasi pale tu umbali unapokuwa mdogo sana, kama kwenye mapafu, ambako oksijeni huvuka utando mwembamba kuliko karatasi.

Hesabu za Maxwell zilitoa pia utabiri ambao yeye mwenyewe aliuona wa ajabu. Asali ikipashwa moto huwa nyepesi, lakini gesi ikipashwa moto mnato wake huongezeka, na kuipunguza kanieneo hakuugusi mnato huo. Sababu ni kwamba mnato wa gesi hautokani na kushikana. Hutokana na chembe kuhama kutoka mkondo mmoja kwenda mwingine zikibeba mwendo wake. Maxwell na mkewe Katherine walilipima jambo hili nyumbani kwao London, na utabiri ukasimama. Nadharia ya chembe ilikuwa imesema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitafuta.

Kuvuka kutoka hali moja kwenda nyingine kuna gharama, na gharama hiyo haionekani kwenye kipimajoto. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo nyuzi 0 huhitaji kilojuli 334, na mwishoni maji bado yako nyuzi 0. Kuyapasha maji hayo hadi nyuzi 100 huhitaji takribani kilojuli 420. Kuyageuza yote kuwa mvuke huhitaji kilojuli 2,260, zaidi ya mara tano ya hizo. Joseph Black, huko Uskoti, aliliita joto hili lililofichika katikati ya karne ya 18. Chembe hazikupewa kasi. Zilipewa ruhusa ya kuachana. Kuyeyuka ni bei nafuu kwa kuwa majirani wengi hubaki, ila mpangilio hupotea. Kuchemka ni ghali kwa kuwa kila kifungo lazima kivunjwe. Mvuke ukigusa ngozi na kurudi kuwa maji hurudisha malipo yote hayo, na ndiyo sababu kuungua kwa mvuke ni kubaya kuliko kuungua kwa maji ya moto uleule.

Uvukizaji hausubiri nyuzi 100. Katika halijoto yoyote zipo zile molekuli chache za Maxwell zenye kasi mno, na zikifika usoni huponyoka. Zinazobaki zina wastani mdogo wa nishati, kwa hiyo kimiminika hupoa. Mtungi wa udongo hutumia hesabu hii: maji hupenya vinyweleo vyake na kukauka kwa nje, na gramu 10 zikivukiza zinaweza kupoza lita moja kwa karibu nyuzi 6. Katika hewa kavu ya Dodoma mtungi hufanya kazi vizuri kuliko Zanzibar, ambako hewa tayari imejaa mvuke na molekuli nyingi hurudi kwenye maji zilikotoka.

Kuchemka ni tukio jingine. Hutokea pale kanieneo ya mvuke inapoweza kusukuma hewa iliyo juu na kutengeneza mapovu ndani ya kimiminika chenyewe. Kwa hiyo kiwango cha kuchemka si mali ya maji peke yake. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100, Nairobi kwenye takribani nyuzi 94, na kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, kwenye nyuzi kama 81, joto ambalo maharage yanaweza kuchemkia siku nzima bila kulainika vizuri.

Mtungi wa gesi ya kupikia unafundisha jambo hilohilo kwa upande wa pili. Ndani yake propani na butani zimesongwa hadi zikawa kimiminika, na juu yake upo mvuke ulio katika mizani: zinazotoka na zinazorudi ni sawa. Vali ikifunguliwa mvuke hutoka, kimiminika huchemka kidogo kujaza pengo, na mtungi hupoa. Kanieneo ya mvuke huo hutegemea halijoto na haitegemei kiasi kilichobaki, hivyo kipimo cha kanieneo husoma karibu sawa mtungi ukiwa umejaa na ukiwa umebakiza lita moja. Anayetaka kujua kilichomo lazima aupime uzito.

Baadhi ya vitu huruka hatua ya katikati. Kafuri hupungua sandukuni bila kulowesha nguo, na barafu kavu, ambayo ni kabonidioksidi, hugeuka gesi kwenye nyuzi -78.5. Kimiminika huhitaji kanieneo ya kiasi fulani ili kiwepo. Kwa maji kiasi hicho ni kidogo, sehemu kama 6 katika 1,000 za kanieneo ya usawa wa bahari, lakini kwa kabonidioksidi ni zaidi ya mara tano ya hiyo ya bahari. Vitu vilivyochanganyika, kwa upande wake, havina kiwango kimoja cha kuyeyuka. Mafuta ya nazi ni mchanganyiko wa mafuta mengi, na hulainika kuzunguka nyuzi 24. Chupa ileile iliyo majimaji Mombasa mwaka mzima huganda Nairobi mwezi wa Julai, na wanaodhani imechakachuliwa wanaionea.

Kuganda kuna tatizo lake: mpangilio lazima uanze mahali. Molekuli chache zinazojipanga kwa bahati huvurugwa mara moja, isipokuwa zikipata vumbi au mkwaruzo wa kushikia. Maji safi sana yanaweza kubaki kimiminika hadi karibu nyuzi -38. Ugumu huu ni sehemu ya fumbo lililotoka Tanganyika. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliweka maziwa ya moto yenye sukari ndani ya jokofu la kugandishia, na yakaganda kabla ya yale yaliyoachwa yapoe kwanza. Alichekwa. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Osborne alilijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Aristotle alikuwa amegusia jambo hilo, lakini leo linaitwa kwa jina la Mpemba. Ubishi haujaisha: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima kwa makini na hawakupata ushahidi kwamba maji ya moto hupoa haraka zaidi, wakionyesha jinsi mahali pa kipimajoto panavyoweza kubadilisha jibu. Lakini mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, walipata tabia ya aina hiyo kwa punje moja ndogo iliyodhibitiwa kwa leza, mahali ambapo hakuna mvuke wala vumbi la kulaumiwa. Kwa maji yenyewe neno la mwisho bado.

Mpaka baina ya kimiminika na gesi una mwisho wake. Thomas Andrews, huko Belfast, alitangaza mwaka 1869 kwamba kabonidioksidi ikizidi nyuzi 31 haiwezi kugeuzwa kimiminika kwa kusongwa kokote. Chini ya hapo uso wa kimiminika huonekana. Juu ya hapo uso hufifia na kutoweka, na kinachobaki ni kitu kimoja chenye uzito unaokaribia wa kimiminika na upenyaji wa gesi. Hali hiyo hutumiwa viwandani kuondoa kafeini kwenye kahawa. Kwa maji, kikomo ni nyuzi 374 na kanieneo mara 218 ya angahewa. Mwaka 1873 Johannes van der Waals alieleza kwa mlinganyo mmoja kwa nini: alizipa chembe ukubwa na mvutano, na kutokana na hayo mawili gesi na kimiminika vikawa kurasa za kitabu kilekile. Yabisi haikuingia humo. Kati ya mpangilio na vurugu hakuna njia ya kupita pembeni iliyowahi kupatikana.

Joto likizidi mno, hata atomi haiwezi kujishikilia. Elektroni hung'olewa, na kinachobaki ni plazma, mchanganyiko wa ioni na elektroni huru. Irving Langmuir ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1928. Katika gesi chembe haijui habari za mwenzake hadi zigongane, lakini katika plazma kila chembe huvutana na kusukumana na nyingi kwa pamoja, hata za mbali, na plazma nzima huitikia umeme na sumaku. Radi ni plazma ya nyuzi zipatazo 30,000, na jua ni plazma tupu. Tabaka la plazma hafifu lililo sehemu ya juu ya angahewa ndilo lililorudisha chini mawimbi mafupi ya redio, na likawawezesha wasikilizaji wa pwani na bara kupata matangazo ya Kiswahili kutoka London.

Upande wa baridi, picha ya ushindani kati ya mwendo na mvutano huanza kushindwa. Heike Kamerlingh Onnes aligeuza heli kuwa kimiminika huko Leiden mwaka 1908, kwenye takribani nyuzi 4 juu ya sifuri halisi, yaani juu ya -273.15. Alitarajia kuigandisha, hakufaulu. Kanuni za kwanta haziruhusu chembe kutulia kabisa mahali pamoja. Hubakiwa na mwendo ambao si joto na hauwezi kuondolewa, na kwa heli, yenye atomi nyepesi zinazovutana kidogo mno, mwendo huo unatosha kuzuia mpangilio. Heli huganda ikisongwa tu, kwa kanieneo kama mara 25 ya angahewa. Chini ya nyuzi 2.17 juu ya sifuri halisi hupoteza mnato wote na kupita katika matundu ambayo kimiminika kingine hukwama, jambo lililotangazwa mwaka 1938 na Pyotr Kapitsa huko Moscow na, kwa kujitegemea, na John Allen na Don Misener huko Cambridge.

Einstein, akiendeleza hesabu za Satyendra Nath Bose, alikuwa ametabiri kati ya 1924 na 1925 kwamba atomi za aina fulani zikipoozwa vya kutosha zitaacha kuwa moja moja na kuingia zote katika hali moja ya kwanta. Mwaka 1995 Eric Cornell na Carl Wieman, huko Boulder, Colorado, walipoza atomi za rubidiamu hadi sehemu 170 za bilioni za nyuzi moja juu ya sifuri halisi, na takribani 2,000 kati yake zikafanya hivyo. Hatua ya mwisho ya upoaji ilikuwa ileile ya mtungi wa udongo: waliziacha atomi zenye kasi kubwa ziondoke.